Kidonda Kilichopendeza Pichani

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikitanguliza salamu zote, najijua, nitaishia kwenye salamu. Mshono wangu unavuja.

Haya, sasa salamu. Sisi hatujambo, ukiliacha hilo. Baba anaendelea na studio yake. Wiki hii amepiga picha watoto wa chekechea darasa zima, na aliyelia ni mmoja tu, naye ni mwalimu wao. Mama bado yuko ng'ambo kwenye mkataba wake, ameandika kwamba baridi imepungua. Paka amezalia ndani ya kabati la mapazia.

Labda hujui kwamba nilipasuliwa. Mwezi uliopita kidole tumbo kilinishika nikiwa maktaba ya shule. Niliona haya kumsumbua mkutubi, nikajikunja juu ya kitabu mpaka kengele ilipolia. Daktari alisema ningechelewa kidogo zaidi, kingepasukia tumboni. Baba akaagiza kwamba Mama asiambiwe, maana atapanda ndege ya kwanza na kuacha kazi. Nimelifikiria sana agizo hilo. Alisema Mama. Hakusema Shangazi.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Aliyepata matatizo kwanza ni Baba. Daktari alipita wodini na wanafunzi wake, akaniuliza kama nimeshatoa hewa, kwa kuwa bila hiyo nisingeruhusiwa kula. Nilitamani shuka linimeze. Baba akanijibia: bado, daktari, ila mtambue kwamba huyu amelelewa kwa adabu. Kisha daktari akafunua bandeji, Baba akaangalia, na nilichosikia ni kishindo. Aliangukia toroli la chai. Walimshona paji la uso, wakampa kitanda cha jirani mpaka jioni, na wageni waliokuja kunitazama mimi wakampa yeye machungwa. Wodi nzima ikawa inamwita Mgonjwa wa Pili.

Tangu turudi nyumbani, yeye ndiye anayepaswa kuukagua mshono. Huja hadi mlangoni, hutazama dari, na kusema, "Naona unaendelea vizuri sana." Ndiyo maana sijamwambia. Unavuja upande mmoja, kama chupa isiyofungwa vizuri, na pembeni pana joto. Nimeweka pamba, na gauni la kulalia nalifua mwenyewe. Kitabu cha afya tulicho nacho kinasema mambo mawili kuhusu hali hii. La pili lilinifanya nikifunge.

Nikimwambia Baba ataanguka tena, na hapa nyumbani kila mahali pana vioo na taa za studio. Nakuuliza wewe kwa kuwa hujawahi kuogopa kitu. Je, ni kawaida?

Tafadhali usimwandikie.

Mwanao


16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku sote wazima. Gari langu la mafunzo limewekwa breki mpya, na lilizihitaji. Juzi mwanafunzi wangu mmoja, bwana mzima mwenye mvi zake, aliingia nalo kwenye bustani ya watu, akazima injini, akashuka na kuyaomba maua radhi. Mpangaji wangu amehama, akang'oa hata balbu.

Si kawaida. Hilo ndilo jibu lako, na ungelipata siku ileile kwa mtu yeyote anayeishi karibu nawe kuliko mimi. Barua imetembea wiki nzima na wewe umekaa na pamba. Sehemu ile ya kuvuja na joto niliisoma haraka, kazi ni nyingi, lakini nimeelewa vya kutosha. Ukiimaliza barua hii, simama, uende hospitali. Usiimalize, kwa kweli. Simama sasa.

Baba yako mwambie. Lakini mwambie akiwa ameshakaa sakafuni, maana aliyekaa sakafuni hana pa kuangukia. Mimi namjua mdogo wangu. Nilijaribu kumfundisha udereva kabla hujazaliwa. Kila tukifika kwenye kona, alikuwa anafumba macho. Nikamwambia, wewe, kona haiondoki kwa kuwa umeifumbia macho. Akanijibu kwa upole kabisa: najua, dada, ila angalau siioni. Tukaingia sebuleni kwa jirani kwa njia ya ukutani. Mpaka leo anatembea kwa miguu, na mimi namshukuru kwa niaba ya wengine.

Na wewe, mkutubi analipwa ili asumbuliwe. Liandike hilo mahali.

Kuja siwezi. Ni msimu wa mitihani ya leseni.

Shangazi yako


25 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umepata mpangaji mwingine, mwenye balbu zake. Sisi tunaendelea. Paka amewahamishia watoto wake kwenye sanduku la fremu, Baba akaniambia niandike "Limejaa" kwenye kifuniko.

Nilisimama, kama ulivyoagiza. Baba nilimwita nyuma ya lile pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, nikamwambia tukae chini tutafute kifuniko cha lenzi. Alipokaa nikamweleza. Akaegemea upande taratibu, kama gunia lililopungua, akalala hapo kidogo. Kisha akainuka, akavaa viatu, akafunga studio wakati wateja bado wapo kwenye benchi. Njia nzima alinishika mkono kama ninavuka barabara.

Hospitali tulipelekwa kwa nesi wa vidonda, mwanamke mfupi aliyefunga miwani kwa kamba. Alifungua nyuzi kadhaa, na yaliyotoka sitayaandika. Sasa nina shimo. Ameeleza kwamba linatakiwa kujaa kuanzia chini kupanda juu, kama kisima kinachofukiwa. Likijifunga juu wakati chini bado wazi, uchafu utabaki ndani na mimi nitarudi chumba cha upasuaji. Kila jioni tunapaswa kutoa shashi, kile kitambaa chepesi alichokijaza ndani, kuosha kwa maji ya chumvi, kuangalia chini kukoje, na kuweka shashi mpya. La kuangalia ndilo kubwa, alisema, akarudia akimtazama Baba. Wakati huo Baba alikuwa ameshalala chini ya sinki.

Kesho yake Baba alikuja na kamera. Alimwambia nesi ni kwa ajili ya kumbukumbu. Shangazi, alipoweka jicho kwenye kile kitundu cha kamera alikuwa mtu mwingine. Alisimama wima. Akamwomba nesi asogeze taa kushoto. Akaniambia niinue kidevu, ingawa kidevu hakikuwemo pichani. Aliyaona yote, hadi chini, na hakutikisika. Nesi akasema amefanya kazi hiyo tangu ujana wake na hajawahi kuona kitu kama hicho, sikujua anazungumzia kidonda au Baba.

Basi ndivyo tunavyofanya nyumbani. Mimi nakaa kwenye kiti cha wateja. Kamera inakaa katikati yetu juu ya stendi. Baba anaweka jicho kwenye kitundu na kuipitisha mikono kando yake hadi mbele, kama mtu anayelisha kuku kupitia wavu. Siku ya kwanza alifunga bandeji safi sana, imekaza vizuri, kwenye mguu wa stendi. Siku hizi ananipata mimi.

Akimaliza, anapiga picha moja. Usiku anaisafisha, anaitundika pamoja na zilizotangulia, na kuangalia kama shimo linapungua. Ameanza kupiga miluzi tena. Sikuwa nimegundua kwamba aliacha.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mpangaji nimempata, anapiga tarumbeta. Yule bwana wa maua amefaulu mtihani, na mimi nimeuonya mtaa wetu nyumba kwa nyumba.

Nimecheka hadi mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani akasimamisha gari akidhani amekosea. Mwambie baba yako kwamba nimesema ni hodari. Usimwambie nilivyocheka. Mambo ya shimo niliyaruka, siku hizi macho yangu hayapendi mwandiko mdogo, lakini nimeelewa kwamba kuna chini na kuna juu, na chini ndiyo itangulie. Je, inatangulia? Barua yako imenieleza miluzi ya Baba, haikunieleza hilo.

Nitumie picha yako. Ya uso, tafadhali. Nataka kuona kama umekonda. Ya uso, narudia.

Shangazi yako


18 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama ameandika kwamba amenunua koti. Baba amemjibu kurasa nne kuhusu koti hilo.

Nimerudi shule. Hakuna aliyeuliza chochote, jambo ambalo nilikuwa nimeliombea, lakini lilipotokea halikunifurahisha kama nilivyotarajia. Mkutubi alinitunzia kitabu nilichokuwa nasoma siku ile, akaniuliza kama naendelea vizuri. Nilisema ndiyo.

Picha za jioni zimefikia upana wa ukuta. Ukizitazama kutoka kushoto kwenda kulia, shimo linapungua na kupungua, na la mwisho ni kama kishimo cha shavu la mtu anayecheka. Baba alizipeleka hospitali ili tusipange foleni ile ndefu, na nesi alizipitia akasema tumefanya vizuri mno, tusiende mpaka mwisho wa mwezi ujao. Baba alirudi na keki.

Kazi ya brashi ya Baba unaijua. Anakaa na miwani yake ya kukuza na ile brashi yenye nywele chache, anaondoa vumbi na mikwaruzo kwenye filamu. Wateja wote wanasema kwake wanatoka wazuri. Picha zangu nazo zimetoka safi mno.

Juu pamefunga. Panabana kidogo ninapokaa. Nikibonyeza pembeni, lakini hilo nitakuandikia siku nyingine, Baba ananiita niandike anwani yako. Picha ya uso anaifunga mwenyewe.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na salamu zimeishia hapo.

Nimepokea picha. Niliifungulia posta, maana sikuweza kusubiri. Nilidhani ni waridi. Waridi lililoanza kufunguka, lenye kivuli kizuri upande mmoja. Nikajiambia, kumbe mdogo wangu sasa anapiga na maua. Nikamwonyesha karani wa stempu, nikamwambia hii ni kazi ya ndugu yangu wa tumbo moja. Karani akaigeuza hivi, akaigeuza vile, akasema, "Mama, hili ni tumbo la mtu, na hiki ni kidonda."

Nilizinduka nimelala juu ya mizani ya vifurushi.

Sasa nikwambie ambalo sikutaka kukwambia. Siji kwako si kwa sababu ya mitihani ya leseni. Siji kwa sababu mimi naanguka kuliko baba yako. Yeye huanguka akiona. Mimi huanguka nikisoma. Barua zako nazisoma nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, mlango umefungwa. Babu yako alikuwa hivyo hivyo. Aliwahi kuanguka kwa sababu mtu mwingine alikwaruzwa. Uliniandikia kwamba sijawahi kuogopa kitu, nami nikaona aibu kukukosoa.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Mtu anayeanguka kwa kusoma neno usaha aliangalia kidonda chako na kuona waridi. Hicho si kidonda, hiyo ni kazi ya brashi. Baba yako ndiye aliyempiga picha bibi yako akamfuta lile baka la shavuni, na bibi yako akaikataa picha na kusema huyo mwanamke hamjui. Hafanyi kwa ubaya. Ila nesi wenu amekagua kazi ya baba yako, hajakukagua wewe.

Na uliandika kwamba ukibonyeza pembeni, kisha ukaacha. Ukibonyeza pembeni, nini? Usinijibu. Nikijua nitaanguka. Mwambie anayeweza kufanya kitu.

Katika ukoo mzima anayeweza kukitazama kitu hicho na akabaki amesimama ni wewe peke yako. Samahani, mwanangu. Ningependa uwe umepata urithi mwingine.

Shangazi yako


8 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karani wa stempu hajambo na mizani haikuharibika. Baba ananiomba nikwambie kwamba bahasha mbili, yako na ile ya picha ya jioni aliyokuwa akimpelekea nesi, alizichanganya mwenyewe na anakuomba radhi. Picha ya uso ilikwenda hospitali. Nesi alikuwa amejiuliza kwa nini.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha giza, chini ya ile taa nyekundu, kwa kuwa ndiko mlango unafungwa kwa komeo. Filamu zilikuwa zimetundikwa. Nilichukua ya mwisho nikaishika mbele ya taa, na kweli nikaona mahali brashi ilipopita. Alikuwa ameziba mdomo wa shimo na kulainisha kingo zake. Nilijua tangu zamani, Shangazi. Nilimwona akifanya. Nilinyamaza kwa sababu ya miluzi.

Jioni Baba alisimamisha kamera kama kawaida. Nilikaa kwenye kiti cha wateja lakini sikuinua blauzi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwenye karatasi, kurasa mbili, na yote yakanitoka kichwani.

Nikasema, "Baba, ondoa kamera."

Akasema tutapoteza mwanga.

"Unanirembesha, Baba. Unakirembesha mpaka hukioni."

Alikana, akasema yeye huondoa vumbi tu. Nikampa filamu. Akaishika mbele ya taa kwa muda mrefu kuliko anavyoshika filamu za watu, akakaa sakafuni mwenyewe bila kuambiwa. Akasema hakujua. Mkono umezoea, alisema. Miaka yote hii hakuna mteja aliyewahi kuidai chunusi yake. Ndipo nikamweleza kwamba nikibonyeza pembeni kuna kitu kinatembea chini ya ngozi, na kimekuwa kikitembea tangu kabla ya keki. Hakuanguka. Aliuliza kwa nini sikusema, na mimi nikamuuliza kwa nini hakuangalia.

Asubuhi tulipanga ile foleni. Tulipoingia, daktari alikuwemo na wanafunzi wake wote, safari hii wengi kuliko mwanzo, na mmoja anakaa mtaa wetu. Daktari akamuuliza Baba hali ikoje. Baba akafungua mdomo, kisha akanigeukia mimi. Nikasema mbele yao wote kwamba juu pamefunga, chini pana usaha, ukibonyeza hapa unahamia hapa, na picha walizoonyeshwa zimerekebishwa kwa brashi. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Yule wa mtaa wetu aliandika.

Nesi alibonyeza, akavua miwani, akaniomba samahani. Kisha akamgeukia Baba na kumwambia maneno ambayo Baba ameniomba nisikuandikie. Walinidunga sindano ya ganzi, wakapafungua hapo hapo kitandani. Daktari alisema tungefuata ile ahadi ya mwisho wa mwezi, ningekuwa kwenye meza ya upasuaji, tumbo zima limeingiwa na usaha. Alisema pia kwamba bado naweza kufika huko, pakijifunga tena juu. Kila jioni lazima mtu aangalie chini kwa macho, akiwa na taa na kijiti chenye pamba, na kamera isikaribie. Yule mwanafunzi wa mtaa wetu alijitolea awe anapita. Baba akasema hapana, asante, mtoto ni wake.

Jioni ile aliifunika kamera kwa kitambaa cheusi na kuisukuma ukutani. Alinawa mikono mpaka sabuni ikabaki kipande. Akapiga magoti mbele ya kiti. Niliwasha taa, nikainua blauzi, nikaondoa bandeji, na Baba akaangalia kwa macho yake mawili.

"Chini ni pekundu," alisema, na hivyo ndivyo nesi alivyosema panapaswa kuwa. "Pekundu, na kuna..."

Hakumaliza. Nilikuwa nimeshaweka mto. Nilimshika kichwa kisigonge mguu wa kiti, nikamlaza, nikazuia shashi isidondoke, nikangoja mpaka akafumbua macho. Nikamuuliza kama yuko tayari. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikamsaidia kupiga magoti, nikasogeza taa, nikainua blauzi tena.

Mwanao